Inveta inayogoma asubuhi: kagueni kwanza mgongo wa paneli

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba paneli zako za sola zina umri wa miaka saba, kwamba inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, hugoma kuwaka hadi kwenye saa tatu na nusu au saa nne asubuhi, na kwamba fundi amekushauri ununue inveta mpya. Kabla hujatoa pesa hiyo, kagua mgongo wa paneli zako. Kioo cha mbele kila mtu hukitazama na kukiosha. Mgongo hauna mwenyewe.

Mwaka 2019 niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni karibu na Pangani, yenye paneli 18 za wati 250 zilizosimikwa mwaka 2012 juu ya mchanga mweupe wa pwani. Inveta ilikuwa imeshabadilishwa mara moja, na hiyo mpya nayo ikawa inagoma vilevile. Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado unadondoka kwenye fremu, kipimo cha insulesheni, yaani kinga ya umeme usivuje, kati ya nyaya na ethi kilisoma megaomu 0.3, saa saba mchana nyaya zilezile zilisoma megaomu 9 (namba ikiwa kubwa, kinga ni nzuri). Nilisubiri paneli zikauke kabisa, nikazitenganisha moja moja, ndipo nikaingia chini na kupitisha kidole mgongoni. Kilitoka cheupe kama cha mwalimu aliyetoka kufuta ubao. Mipasuko ilikuwa imenyooka, ikifuata zile tepu za chuma zinazounganisha seli, na katika mmoja wao ukucha uliweza kuingia.

Mgongo huo ni karatasi ya plastiki ambayo kwa kawaida ina matabaka matatu: la ndani hushikana na gundi ya EVA iliyozifunika seli, la kati mara nyingi ni PET, plastiki ileile ya chupa za maji, na la nje hupambana na jua. Tabaka la nje ndilo linalotofautisha paneli na paneli. Plastiki ya PVF, ambayo kampuni ya DuPont huiuza kwa jina la Tedlar, ndiyo yenye historia ndefu ya kudumu. PVDF, iliyo ya ukoo huohuo, huvumilia jua vizuri, ingawa baadhi ya aina zake hukakamaa na kuchanika. Poliamidi, iliyo ya ukoo wa nailoni, ilitumika sana katika paneli za miaka ya 2010 hadi 2013, na nyingi kati ya hizo zilipasuka kabla ya kutimiza miaka kumi. Ule unga mweupe ni rangi ya titaniamu iliyochanganywa kwenye plastiki. Plastiki ikishaliwa na jua, rangi hubaki bila wa kuishika.

Utauliza paneli hizo zilipitaje vipimo vya maabara. Zilipita kwa haki kabisa. Kipimo maarufu huiweka paneli kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, lakini gizani. Kipimo cha miali ya urujuanimno hufanyika peke yake, kwa kilowati-saa 15 tu kwa mita ya mraba, na kwa desturi upande wa mbele. Kwa hesabu yangu, jua la pwani yetu hutoa kiasi hicho kwa muda usiozidi miezi mitatu. Nje ya maabara, jua, unyevu na kutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa kwa usiku hufanya kazi pamoja, na mchanga mweupe huurudisha mwanga mgongoni mwaka mzima.

Seli za pale Pangani zilikuwa nzima, na mchana zilizalisha vizuri, jambo ambalo ndilo huwapoteza mafundi. Maji ya umande hupenya kwenye ufa, huigusa tepu yenye umeme, kisha hufika kwenye fremu na ethi. Inveta, ambayo hupima insulesheni kabla ya kuwaka, hukataa, na kwa kukataa huko inakulinda. Paneli 18 zilizounganishwa kwa mfululizo zina zaidi ya volti 600 jua likiwaka, kwa hiyo usiziguse zikiwa mbichi hata kama umezima swichi.

Kuhusu kuziba, nilijaribu silikoni ya kawaida ya madirisha. Ilidumu masika moja, kisha ufa ukajifungua pembeni yake. Kuna mipako ya silikoni iliyotengenezwa kwa kazi hii, nayo husaidia iwapo mipasuko bado ni myembamba na mgongo umesafishwa unga wote. Nimewahi pia kukuta mtu amebandika tepu ya aluminiamu juu ya ufa, yaani ameupa umeme barabara ya lami.

Dhamana yako isome kwa makini: ile ya miaka 25 huhusu uzalishaji, ilhali mgongo uko chini ya dhamana ya bidhaa, ambayo mara nyingi ni miaka 10 au 12, kwa hiyo huenda bado una haki ya kudai. Pima insulesheni saa moja asubuhi, rudia mchana, andika namba zote mbili, na uambatanishe picha za mgongo pamoja na namba ya utambulisho (serial number) ya kila paneli. Mwenye nyumba ya Pangani alikuwa na dhamana ya bidhaa ya miaka mitano tu, ikawa imekwisha. Alinunua paneli mpya zenye kioo mbele na nyuma, ambazo ni nzito na zilitulazimu kuongeza vyuma. Za zamani tulizigawa moja moja kwa kuchajia betri, kwa kuwa paneli moja peke yake haifiki volti 40.