Jibu: Sindano ya kuleta joto haikufanya kazi, ng'ombe bado kimya

Ndugu yangu wa Ganda, umesema ng'ombe wako alizaa miezi mitatu iliyopita, amekonda, amechomwa prostaglandini (ndiyo sindano ya kuleta joto) na hata dalili ya joto, yaani hamu ya kupandwa, hujaiona. Mimi kazi yangu ni kuhimilisha ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu, huku Gede na Malindi, na hali kama hiyo naikuta sana. Dawa huenda ilikuwa nzima, ila haikupata cha kuua.

Sindano ile kazi yake ni kuua. Yai likitoka kwenye ovari, mahali lilipotoka hubaki kidonge cha njano kinachotoa homoni ya projesteroni, na hiyo ndiyo humzuia ng'ombe asiingie joto. Asiposhika mimba, karibu siku ya 17 tangu joto mji wa mimba wenyewe hutoa prostaglandini, seli za kidonge hufa, na joto hurudi siku ya 21 hivi. Akishika, kiinitete hutoa intaferoni tau, ishara ya kwamba kipo, mji wa mimba unaacha kutoa prostaglandini na kidonge kinaishi. Ndiyo maana sindano hii yaweza kumtoa mimba ng'ombe aliyeshika. (Na hupenya ngozi ya mtu pia: mama mjamzito na mwenye pumu wasiiguse.) Kidonge kichanga, chini ya siku tano hivi, hakiisikii. Ng'ombe ambaye hajatoa yai tangu azae hana kidonge chochote.

Wako nadhani ni huyo. Wanaposema ovari "imelala" mimi sikubaliani nao, maana ndani kuna pilikapilika. Kila siku 7 hadi 10 homoni ya FSH, inayokuza vifuko, hupanda, vifuko vya mayai vinaanza kukua kwa kundi. Kimoja kikifika milimita 8 na kitu, estrojeni yake huishusha FSH na wenzake wote hufa. Kinachobaki huishi kwa homoni ya LH, ile inayokifanya kitoe yai, kikisaidiwa na IGF-1, homoni ya ukuaji, na IGF-1 hufuata lishe. Ng'ombe aliyekonda ana IGF-1 kidogo, LH nayo hutoka mara chache, basi hata kile kifuko kikubwa hufa kabla ya kutoa yai. Kundi jingine linaanza, nalo lafa vilevile.

Kwa hiyo usikubali sindano ya pili kabla daktari hajaingiza mkono akaipapasa ovari. Lishe kwanza: majani ya napia peke yake haimtoshi anayekamuliwa, mwongeze mashudu ya nazi na pumba, na apimwe minyoo na ugonjwa wa ndorobo. Msimu wa kaskazi apate kivuli na maji mengi. Jua kali huharibu mayai, na joto lenyewe ng'ombe hulionyesha usiku nyote mmelala.

Hujasema kama ndama bado ananyonya kwa mamake kutwa. Kunyonyesha huko nako hupunguza LH, tuambie.