Kabla ya kusambaza klipu ya unabii, soma sura nzima

Vita ikizuka Mashariki ya Kati, simu za Wakristo hapa Tanga hazipumziki. Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana kwa siku 12, kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya Chumbageni lilijaa klipu za wahubiri wakisema Ezekieli 38 imetimia, kwa kuwa mstari wa 5 unaitaja Uajemi, jina la kale la Iran. Mama mmoja akanifuata baada ya ibada, daftari la vikoba mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwinjilisti, kuna haja ya kumlipia mtoto ada ya muhula ujao?"

Swali lile lilinichoma. Tuliketi kwenye benchi nje ya kanisa, yeye akaisoma sura yote kwa sauti, taratibu. Uajemi imo kweli, lakini haiko peke yake: wamo Kushi, Putu, Gomeri na Togarma, wote nyuma ya mtawala aitwaye Gogu, wakiivamia kwa majeshi nchi inayokaa salama bila kuta. Iran kurusha makombora peke yake si habari ileile. Akafunga Biblia. "Kumbe hawakutusomea yote." Ada alilipa.

Ukipewa mstari mmoja, soma sura yake na ile iliyotangulia, kisha jiulize maneno yale aliambiwa nani. Upo unabii uliokwisha kutimia: Yerusalemu kuzungukwa na majeshi, Luka 21:20, Warumi waliubomoa mji mwaka 70. Na anayekutajia tarehe, achana naye kabisa. Wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani walimngoja Bwana 22 Oktoba 1844. Harold Camping, mhubiri wa redio hukohuko, akatangaza 21 Mei 2011, na wapo waliomaliza akiba zao kulipia matangazo. Mathayo 24:36 iko wazi: ajuaye ni Baba peke yake.

Simwambii mtu aache kukesha. Bwana anarudi, naliamini hilo kwa moyo wote. Lakini Wathesalonike walipotikiswa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika, Paulo aliwaandikia wasifadhaike, na katika barua hiyohiyo akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe.

Kwa hiyo klipu ikikufikia usiku, usiisambaze usiku huohuo. Andika mistari iliyotajwa, ipeleke jumuiya, msome pamoja na mzee wa kanisa. Ile inayoishia na namba ya kutuma sadaka, ifute.