Jibu: Kuhamisha programu ya mizani ya viazi kutoka Java kwenda Haskell

Mkuu, umeuliza kama programu yako ya kupimia viazi hapo Uyole inaweza kuhamishwa kutoka Java kwenda Haskell, lugha ya programu inayojengwa kwa fanksheni, klasi kwa klasi (klasi ni kifurushi cha data na kazi zake). Usifanye hivyo. Kwenye Haskell thamani ikishaundwa kwa kawaida haibadilishwi: badala ya kuliongezea gunia kilo, andika fanksheni inayopokea gunia na kurudisha gunia jipya.

Urithi, yaani klasi kuchukua sifa za klasi nyingine, nao uache. Klasi zako ndogo za viazi ziwe aina moja ya data yenye matawi (tawi moja kwa kila klasi ndogo), kila fanksheni ichambue tawi kwa tawi. Kazi kubwa ipo hapa. Washa tahadhari za kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako), itakuonyesha tawi ulilosahau.

Badala ya vitanzi (msimbo unaojirudia), tumia map, inayobadilisha kila kipengele cha orodha, na foldr, inayokusanya orodha kuwa jibu moja. Risiti na faili vibaki kwenye IO (sehemu ya kusoma na kuandika nje ya programu), pembeni.

Ila kama mteja hajang'ang'ania Haskell, lambda (fanksheni fupi zisizo na jina) zipo kwenye Java yenyewe tangu Java 8 ya 2014. Mimi ningeanzia huko.