Baba Alituahidi Wote Nyumba Ileile

Baba yangu hakuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu baada ya kumzika, kwa miaka mitatu nzima, nusura tumwite hivyo. Kaka yangu aliambiwa nyumba ni yake, maana ndiye aliyesimamia ujenzi. Dada yangu naye aliambiwa ni yake, maana ndiye aliyemuuguza. Mimi niliambiwa haitauzwa kamwe, itabaki ya wote. Kila mmoja alisikia kwa masikio yake, wakiwa wawili tu na mzee, jioni ambayo moyo wake ulikuwa umelainika. Hakuna alichoandika.

Watu husema ndugu hugombania mirathi kwa tamaa. Labda wengine. Sisi mali yenyewe haikuwa ya kutajika. Tuligombana kwa sababu kila mtu alikuwa analinda neno la marehemu, na maneno hayo yalikuwa matatu. Ukimpinga mwenzio ni kama unamwambia baba hakumpenda.

Pasipo wosia, sheria ndiyo hugawa. Kila nchi ina utaratibu wake wa nani mrithi na nani apate fungu gani, na utaratibu huo haujui nani alikesha na mgonjwa. Lakini hata kabla ya kugawa, lazima apatikane msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama. Hilo peke yake lilitula miezi tisa, kwa kuwa tulishaacha kuaminiana. Muda wote huo akaunti ya mzee ilikuwa imefungwa. Deni lake la matibabu tukalilipa kwa kukopa, na fedha zake mwenyewe zimelala benki. Paa likaanza kuvuja, na hakuna aliyetaka kutengeneza paa ambalo huenda si lake. Mwishowe nyumba iliuzwa, tukagawana. Hakuna hata ahadi moja kati ya zile tatu iliyotimia.

Wala usidhani ni tatizo la wasiojua wakili anapatikana wapi. Mchoraji Picasso alifariki mwaka 1973 bila wosia. Mwanamuziki Prince alifariki mwaka 2016 vilevile, na mirathi yake ikaja kumalizika mwaka 2022. Mwimbaji Aretha Franklin, aliyefariki mwaka 2018, aliacha karatasi za mwandiko wake nyumbani, moja ikiwa kwenye kochi. Wanawe walifikishana mahakamani, na mwaka 2023 ndipo ikaamuliwa kwamba ile ya kochini, ya mwaka 2014, ndiyo wosia halali. Niliposoma habari hiyo nilimwonea wivu: yeye angalau aliandika.

Nilipokaa kuandika wa kwangu nilikuwa na miaka 38. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyetoka kwa daktari na habari mbaya. Nilikuwa mzima, na ndio wakati wenyewe, kwa sababu wosia ulioandikwa mtu akiwa hoi kitandani ni rahisi kupingwa kwamba hakuwa na akili timamu au alishinikizwa.

Kilichonishangaza ni jinsi kazi hiyo ilivyonionyesha mambo yangu yalivyokaa shaghalabaghala. Fomu ya mafao yangu ya uzeeni ilikuwa bado na jina la baba, marehemu! Katika nchi nyingi mafao na bima ya maisha humwendea aliyetajwa kwenye fomu, hata wosia useme vingine. Mali iliyosajiliwa kwa majina mawili nayo mara nyingi humbakia mwenza aliye hai, ikitegemea ilivyosajiliwa. Basi kagua hizo kwanza. Niliorodhesha na madeni, hata lile la rafiki ambalo halina karatasi, maana madeni hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu.

Kipengele cha walezi wa watoto kilituchukua usiku nne, na mmoja tulilala tumenuniana. Mke wangu alimtaka mdogo wake, mimi nilimtaka dada yangu. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho kwa maslahi ya mtoto, lakini chaguo la wazazi lililoandikwa lina uzito. Hata kama ningeacha deni tupu, kwa kipengele hicho tu ningeandika wosia.

Msimamizi usimchague kwa sababu ni mkubwa au ndiye umpendaye zaidi. Mimi nilimchagua shemeji mmoja ambaye hutunza risiti za miaka kumi nyuma. Tunamcheka kwa hilo, lakini ndiye. Nilimwomba kwanza, akakubali, kisha nikaandika na wa akiba.

Mengine ni ya kisheria, yaulize kwa wakili wa mahali ulipo. Kwa kawaida hutakiwa mashahidi wawili wakuone ukisaini, nao wasiwe warithi. Kwingine mrithi akishuhudia hupoteza alichoachiwa. Usifutefute kwa kalamu baadaye. Andika mpya, uanze kwa kutangua wa zamani. Ukioa au kuolewa, uangalie upya, kwani kuna nchi ambako ndoa huubatilisha. Kwa Waislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali na haumwongezei mrithi fungu lake mpaka warithi wengine waridhie; hata hivyo madeni, amana na walezi bado vinahitaji kuandikwa.

Na nakala halisi iwe mahali ambapo msimamizi anaweza kufika. Wosia uliofungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa marehemu unawasumbua watu bure.

Yaliyomo sikuyafanya siri. Kipengele cha nyumba nimewasomea watoto wangu wote watatu, wamekaa meza moja, siku moja, wakisikia maneno yaleyale. Walisikiliza kimya. Kisha mdogo akauliza baiskeli atapewa nani. Baiskeli haimo kwenye wosia. Nimeiandika kwenye karatasi ya mambo ya kuongeza nitakapoandika mpya, mstari unaofuata ule wa cherehani ya mama.