Kigari cha mfano cha Land Rover ya petroli stesheni: weka kutu panapostahili

Ile Land Rover ya zamani ya kituo cha mafuta, pikapu iliyobeba pipa la oili, jeki na mnyororo wa kuvutia magari yaliyokwama, huharibiwa na kosa moja: kupaka kutu kwenye boneti na ubavuni. Bodi yake ni alumini, na alumini haioti kutu. Kabla hujagusa brashi, jua kipi ni chuma: chesisi, ukuta kati ya injini na kebini, fremu za milango, bampa.

Chukua toleo la Land Rover liitwalo Series III (1971 hadi 1985), lile refu. Ekseli hadi ekseli ni inchi 109, yaani milimita 2,769. Kwa uwiano wa 1:24 unapata milimita 115. Urefu wote 185, upana 70. Kata umbo la ndani kwa plastiki ya milimita 1, kisha livishe bati la kopo la soda.

Bati hilo ni gumu na huvunjika ukilikunja mara mbili. Lilainishe hivi: toa rangi zote kwa msasa namba 400, pande mbili, lipake sabuni ya kipande, kisha lipashe nje juu ya jiko la makaa. Sabuni ikigeuka nyeusi, toa mara moja, ukizidisha litayeyuka. Likipoa, bonyeza ribiti (vile vichwa vya pini zinazoshikilia bodi) kwa upande wa ndani kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, bati likiwa juu ya gazeti lililokunjwa. Usiruke kuliparuza kwa msasa, maana praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) haishiki juu ya ile ngozi laini ya kopo, na rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Tairi zitoke kwenye soli ya kandambili. Kata duara la kipenyo cha milimita 33 na upana wa 8, lifunge kwenye bolti kati ya nati mbili, tia kwenye drili na ulisawazishe kwa msasa likizunguka polepole. Drili ikienda kasi raba hupata moto na kunyofoka.

Rangi nyunyiza kati ya saa tano na saa tisa mchana. Msimu wa mvua, hasa Mei, unyevu wa Malindi huifanya rangi ikauke na ukungu mweupe: tina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, na maji ya hewani hutua hapo.

Sasa kutu. Loweka stilwaya kwenye maji ya bahari siku chache, ianike, isage, uichuje kwa kitambaa chepesi. Kisha suuza unga huo kwa maji baridi mara tatu na uukaushe tena. Chumvi ikibaki hunyonya unyevu, na vanishi utakayopaka juu yake itafifia.

Angalia ukingo wa chini wa mlango, maana hapo ndipo penye kazi. Alumini imekumbatia fremu ya chuma. Hewa ya chumvi ikilowesha maungio, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo weka vitone vidogo vya gundi nyeupe viwe malengelenge, vipake rangi ya bodi, chubua viwili vitatu kwa ncha ya wembe na utie unga wa chaki ya shule. Kisha shusha mchirizi mwembamba wa kutu kutoka ndani ya mlango. Mmoja au miwili kwa kila mlango inatosha.

Pipa la lita 200 liwe na kipenyo cha milimita 24 na kimo cha 37. Libandike nyuma ya kebini, upande wa dereva, na uache doa jeusi la oili chini yake, lililofuata mifereji ya sakafu kuelekea mlango wa nyuma.