Huna hela na unataka kushuti muvi ya kutisha? Kaa na House of Usher kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye filamu, hasa nyie mnaotaka kuanza na muvi ya kutisha maana mmeambiwa ndo rahisi, kabla hamjaenda kukopa hela ya kukodi droni tafuteni House of Usher ya mwaka 1960, ya dairekta Roger Corman. Ni ya zamani, inaenda taratibu, damu yenyewe kidogo mno, najua wengine mtashika simu dakika ya kumi tu. Vumilieni, haifiki hata dakika 80. Mimi huwa nairudia nikipata kazi mpya, na wala siyo kwa ajili ya kuogopa, naangalia mtu alivyopiga hesabu.

Na kweli alikuwa mtu wa hesabu, alisomea uhandisi wa viwanda pale Stanford kabla ya kuingia Hollywood. Kampuni aliyokuwa anaifanyia kazi, American International Pictures, ilikuwa na mtindo wa kutoa muvi mbili mbili zisizo na rangi, kila moja inashutiwa siku 10 kwa kama dola 100,000, halafu zinaenda sinema kwa pamoja. Corman akawaambia mimi nipeni moja tu, ya rangi, skrini pana, siku 15. Bajeti ikawa kati ya dola 270,000 na 300,000. Kwetu hiyo ni hela ya kununua mtaa lakini kwa Hollywood ya wakati ule ilikuwa chenji. Sasa angalieni alichokifanya, hakuongeza vitu kwenye muvi, alipunguza idadi ya muvi. Sisi tukipata milioni tano tunataka sini ya harusi, sini ya ajali, sini ya polisi, na mganga juu yake, matokeo yake hakuna hata moja inayoeleweka.

Anza na skripti hapo ndo utajifunza zaidi. Hadithi yenyewe ni ya Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, ya mwaka 1839, jamaa asiyetajwa jina anaenda kumtembelea rafiki yake Roderick Usher ambaye anaumwa, dada yake Roderick anaitwa Madeline anaonekana amefariki, anawekwa kwenye chumba cha kaburi chini ya nyumba, baadaye anatokea akiwa hai, nyumba inabomoka, mwisho. Ukiisoma inakusisimua ila ukitaka kuishuti unakwama, maana huyo msimulizi hana cha kupoteza, akitishika si apande farasi wake aondoke? Mwandishi wa skripti, Richard Matheson, akamgeuza yule mgeni akawa Philip, mchumba wa Madeline, amekuja kumchukua mwenzie wakaoane. Roderick hataki, anaamini ukoo wao una laana na unatakiwa uishie kwao wawili. Basi hapo kila mtu ana sababu ya kubaki ndani ya ile nyumba na kila mtu ana anachokitaka, ugomvi unajiendesha wenyewe. Kabla hujaandika sini yoyote ya kutisha jiulize hivi, kwa nini huyu mtu asiondoke tu? Kama jibu lako ni "gari limeharibika" rudi kaandike tena.

Halafu hesabu kasti. Roderick, Madeline, Philip na mzee mmoja mtumishi anaitwa Bristol. Wanne! Wengine utawaona kwenye ndoto tu na hawaongei. Jina kubwa ni moja, Vincent Price anayecheza Roderick, na ukweli ni kwamba yeye ndo anaibeba muvi nzima, huyo kijana anayecheza Philip kwa maoni yangu amekauka kama ubao lakini haiharibu kitu kwa sababu kazi yake ni kukataa na kuuliza maswali. Nyie mkiwa na mwigizaji mmoja mzuri kweli na wengine wa kawaida, andikeni skripti inayojua hilo, msigawe mistari sawasawa kama mnagawa urithi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni picha za ukutani. Ilitakiwa watazamaji wajue kwamba wazee wa ukoo wa Usher walikuwa watu wabaya, wauaji, wezi, na kadhalika. Dairekta mwenye pupa angeshuti historia yote hiyo, mavazi, farasi, watu kibao. Corman kamtafuta mchoraji, Burt Shonberg, kachora sura za hao mababu, sura za ajabu ajabu ambazo hazikai vizuri machoni, halafu Price anasimama mbele yao anamuonyesha Philip mmoja mmoja na kumwambia huyu alifanya hivi, huyu alifanya vile. Sauti na picha basi. Na unaogopa.

Saundi nayo. Roderick ana ugonjwa wa kuhisi kila kitu kupita kiasi, sauti ya kawaida inamuumiza, kwa hiyo Philip akifika tu Bristol anamwambia avue buti. Mtu mzima anavuliwa buti kwenye nyumba ya watu! Inachekesha kidogo ila baada ya hapo na wewe unayeangalia unaanza kusikiliza kila mlio wa mbao, na wameipata hofu hiyo kwa bei ya bure kabisa. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu maiki nzuri ikae juu ya lenzi, sitanii, watu wanavumilia picha yenye giza ila maneno wasipoyasikia wanahama.

Nyumba je? Msanifu wa seti, Daniel Haller, alipita kwenye stoo za studio kubwa, Universal ikiwemo, akachukua vipande vya seti za watu akaviunganisha upya, na baadaye waliendelea kuvitunza na kuviongezea ndo maana kwenye muvi zilizofuata za Corman kutoka hadithi za Poe majumba yanazidi kuwa makubwa. Ukungu unafukizwa kufunika pale seti inapoishia. Na ile sini ya mwanzo ya Philip akipita na farasi kwenye msitu uliokufa, kulikuwa kumetokea moto kwenye vilima vya Hollywood, Corman akawahi kwenda kushuti kabla majani hayajaota. Huwezi kujenga kitu kama kile kwa bajeti yoyote.

Nyuma ya kamera alikuwepo Floyd Crosby, mzee aliyeshinda Oscar kwa muvi ya Tabu ya 1931. Hapo hakubana hela. Nimekaa kwenye lokesheni hapa Dar jua linazama huku dairekta na kamera man wanabishana kamera ikae wapi, na kamera yenyewe ni ya bei mbaya. Mlipe anayejua, kamera yoyote atapambana nayo.

Corman alikuwa anasimulia kwamba mabosi walimuuliza zimwi liko wapi kwenye hii muvi, akawajibu nyumba ndo zimwi, ikabidi Price apewe mstari wa kusema nyumba inaishi. Nawaambia hilo kwa sababu prodyuza atakuuliza swali kama hilo hilo, uwe na jibu fupi mfukoni.

Moto wa mwisho, pale nyumba inapoungua, ni banda kubwa la shambani lililokuwa libomolewe, wakalichoma usiku kamera zikiwa tayari, na shoti zile zile za maboriti yakianguka zikatumika tena kwenye muvi nyingine kadhaa za Corman. Kwa hiyo msifute shoti, wekeni kwenye hadisiki mbili na majina yanayoeleweka, siyo "final final 2".

Na mkitaka kuitoa Usher kwa Kiswahili, mtumie hadithi ya Poe, alifariki 1849 hakuna wa kumlipa. Philip mchumba, Bristol, picha za mababu, hivyo ni vya muvi na vina wenyewe, tafuteni vya kwenu.