Farasi amezeeka, binti yuko bweni: tumwambie au tumfiche?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba la farasi huku Usa River. Binti yetu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, anasoma bweni Moshi. Amekua na farasi jike wa mwajiri anayeitwa Kahawa; tangu akiwa mdogo kila likizo anashinda bandani kwake. Sasa Kahawa ana miaka 28. Amekonda, na wiki iliyopita asubuhi alikutwa amelala, akashindwa kuinuka mpaka watu wanne wakamsaidia. Mwenye farasi na daktari wa mifugo wamekubaliana achomwe sindano ya kumuua bila maumivu. Likizo ya Juni bado wiki sita. Mume wangu anasema yaishe tu, mtoto ataambiwa akirudi, asije akafeli. Mawifi zangu wanacheka, eti kumlilia mnyama, tena wa watu. Nifanyeje? Mama F.*

Marahaba Mama F., na poleni sana nyumbani.

Usimfiche. Akirudi Juni akakuta banda tupu, atakuwa na mambo mawili ya kulilia: Kahawa mwenyewe, na simu zote mlizopiga mkimwambia nyumbani hawajambo. La kwanza litapoa na muda. La pili litamfanya kila akiwa shuleni ajiulize ni nini kingine hajaambiwa. Kama hofu ni masomo, mtoto anayeshuku kwamba anafichwa hasomi vizuri kuliko mtoto aliyelia akamaliza.

Lakini wiki sita nazo hazingojeki, na ni vizuri uelewe sababu ili uweze kumweleza. Magego ya farasi huendelea kusukumwa juu kutoka ndani ya taya maisha yake yote, huku nyasi zikiyasaga, mpaka akiba inakwisha. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 25 na 30. Bila shaka mumeo anaokota vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vikiwa vimedondoka karibu na hori. Mnyama anayetema hivyo hashibi hata ukimjazia majani, na yale anayoyameza bila kusagika vizuri ndiyo yanayokwama na kuleta msokoto wa tumbo. Kuhusu kuinuka, farasi hutanguliza miguu ya mbele kisha husukuma kwa ile ya nyuma, kwa hiyo viungo vikishakakamaa anashindwa pale pale kwenye msukumo. Akilala saa nyingi, uzito wake mwenyewe, kilo 400 na zaidi, hubana misuli, neva na mapafu ya upande wa chini. Ameinuliwa na watu wanne mara moja. Siku nyingine atakwama usiku wa manane, mvua ya masika inanyesha, na hakuna mtu.

Kwa hiyo tafuteni siku chache tu, msitafute wiki. Muulizeni daktari swali moja lililo wazi: je, kwa dawa ya maumivu, Kahawa anaweza kukaa bila mateso mpaka Jumamosi hii au ijayo? Mara nyingi inawezekana. Muulizeni pia ni dalili gani zikitokea hamtangoja, na mkubaliane kabla: akishindwa kuinuka tena, au akijigaragaza, akijitazama ubavuni, akitoka jasho bila kazi na kuacha kunya. Hapo daktari aitwe saa hiyo hiyo na amalize, mtoto awepo asiwepo. Kumwacha mnyama ateseke siku mbili ili binti amuage si mapenzi kwa yeyote kati yao, na binti mwenyewe akielezwa atakubali.

Shuleni nendeni wenyewe, mmoja wenu au wote wawili. Kutoka Usa River hadi Moshi si safari ya kutwa. Msimpe habari hii kwa simu ya matroni, amesimama ofisini, watu wanapita. Ombeni ruhusa ya Ijumaa baada ya vipindi hadi Jumapili jioni, kwa barua yenye sahihi ya baba, na mwambieni matroni ukweli: kuna mnyama aliyekua naye, anakufa, tunaomba akamuage. Wapo watakaoshangaa. Msigeuze iwe msiba wa bibi ili mpewe ruhusa kwa urahisi, maana Jumatatu mtoto atapewa pole za bibi aliye hai, na atalazimika kuuendeleza uongo ambao hakuutunga.

Maneno yawe machache na ya moja kwa moja, nje ya geti, mkiwa mmekaa. “Kahawa alishindwa kuinuka mwenyewe. Daktari amesema hatapona. Jumamosi asubuhi atachomwa sindano na atakufa bila maumivu. Tumekuja kukuchukua ukamuage.” Tumieni neno kufa. Mkisema atalazwa, atapumzishwa au atapelekwa kwingine, mtoto atashika upande wa matumaini. Kisha nyamazeni. Akiuliza kama mngeweza kufanya zaidi, mwelezeni yale ya meno na viungo. Umri wake unamtosha kuelewa.

Akifika nyumbani, apewe kazi. Hili naliamini kuliko mengine yote katika barua hii, kwa sababu kijana wa miaka 15 aliyekalishwa sebuleni kupewa pole na wageni hujifungia, ila aliyepewa brashi na ndoo huongea bila kuombwa. Jioni ya Ijumaa ampikie Kahawa chakula laini: pumba za ngano kilo moja, maji ya moto lita mbili au zaidi mpaka ziwe uji mzito, kijiko kimoja cha chumvi, molasi nusu kikombe. Afunike kwa gunia dakika 30, kisha apime kwa mgongo wa mkono. Uwe vuguvugu tu, usiunguze. Karoti azikwaruze kwa kikwaruzo, asizikate vipande vya mviringo, kwa kuwa farasi asiye na meno huvimeza vizima vikamkaba. Ikiwa siku hiyo ana dalili yoyote ya tumbo, chakula kisitishwe mpaka daktari aseme. Kazi ya brashi haina masharti hayo.

Ukumbusho uchukuliwe siku hiyo hiyo, Kahawa akiwa hai na mtulivu. Kwa singa za mkia, achague fungu la unene wa kidole kutoka upande wa chini wa mkia ili pengo lisionekane, alifunge kwa uzi imara karibu na atakapokata na tena upande wa ncha, ndipo akate. Asipofunga kwanza, singa humwagika zikachangamana na huwezi kuzisuka tena. Azioshe kwa sabuni laini ya nywele, zikauke kivulini, azifunge kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki hufuga unyevu zikaota ukungu. Hatamu ya kichwani ni mali ya mwajiri, kwa hiyo baba aiombe mapema. Ni mara chache mwenye farasi atakataa, na ikija kama zawadi kutoka kwa mwenyewe, basi hata wale mawifi watakuwa na la kufikiri.

Sasa siku yenyewe. Kuna nyakati tatu tofauti, na binti achague kuwepo kwenye upi: kabla ya sindano yoyote, wakati wa sindano, au baada ya yote kwisha. Ajue pia anaweza kubadili uamuzi dakika ya mwisho bila mtu kumwuliza kwa nini. Ushauri wangu ni kwamba aagane naye kabla ya dawa ya kwanza. Dawa hiyo ni ya kumtuliza. Dakika chache baadaye kichwa huinama, masikio hulegea, na farasi hajibu tena sauti anayoijua. Mtoto aliyengoja mpaka hapo ili aseme neno lake la mwisho huondoka akidhani Kahawa hakumjali. Asimame begani, upande wa kushoto alikozoea kumwendea, aseme yake, kisha arudi nyuma.

Akitaka kubaki aone, ajue mapema atakachokiona, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kile ambacho hakuambiwa. Daktari huingiza dawa nyingi kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na kwa kawaida ndani ya dakika moja hivi farasi huanguka. Wakati mwingine hukunja magoti taratibu, wakati mwingine huanguka kwa kishindo, mbele au nyuma, na hakuna anayeweza kumzuia. Ndiyo maana watu wote wakae mbali, hatua kumi au zaidi, isipokuwa daktari na mshika kamba mmoja. Macho hubaki wazi. Miguu inaweza kutikisika, na anaweza kuvuta pumzi kubwa mara mbili tatu baada ya moyo kusimama, na mkojo kutoka. Hizo ni misuli na neva zinazomalizia, hasikii kitu. Daktari atasikiliza moyo kwa dakika kadhaa na kugusa mboni ya jicho kuona kama linapepesa. Akishasema amekufa, binti aruhusiwe kumgusa kama anataka. Ikiwa daktari atatumia bunduki badala ya sindano, jambo ambalo likifanywa na mjuzi ni la haraka na halina mateso, binti asiwepo, wala asiwe mahali pa kusikia mlio.

Mshika kamba asiwe baba yake. Mumeo ndiye anayemjua Kahawa na bila shaka ataombwa, lakini binti akiwa na hasira, na hasira itakuja, ataiweka pale alipoona mkono. Ashike mwenye farasi au msaidizi wa daktari. Baba asimame na mwanawe. Na kama machozi yanamtoka, yamtoke; miaka yote hiyo amekuwa akimlisha na kumpiga brashi yule mnyama kila asubuhi, na binti akimwona amekaza uso ataelewa kwamba kulia ni aibu, sawa na wanavyosema mawifi.

Shimo ni la mwenye shamba, lakini mumeo ndiye atakayeulizwa, kwa hiyo nalitaja. Liwe na urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 2.5 hadi 3, ili juu ya mwili paingie angalau mita moja ya udongo. Lichimbwe siku moja kabla na kufunikwa kwa turubai. Msimu huu wa masika shimo lililoachwa wazi hujaa maji, na katapila likiitwa asubuhi ya siku yenyewe laweza kukwama kwenye tope jeusi huku mnyama amelala nje na mtoto anatazama. Pawe mbali na kisima na mfereji, mahali ambapo maji ya mvua hayatiririki. Kahawa aletwe karibu na shimo akitembea mwenyewe, pakavu, pasipoteleza. Mwili hukakamaa ndani ya saa chache, kwa hiyo miguu ikunjwe mapema. Udongo uachwe kichuguu maana utashuka. Kumwaga udongo ni kazi nyingine ambayo binti anaweza kuomba, mpeni koleo. Kuushusha mwili kwa kamba au mashine, la, hilo asilitazame.

Jambo moja hapa halina mjadala. Farasi aliyekufa kwa sindano ni sumu. Dawa hubaki mwilini, haiishi kwa kupikwa, na huua mbwa, fisi na tai wanaokula nyama hiyo. Mtu akija kuomba nyama ya kulisha mbwa wake, anyimwe. Mzoga usilale nje hata usiku mmoja.

Kama kuna farasi mwingine aliyekuwa akikaa na Kahawa, aletwe amnuse kabla ya kufukiwa, aachwe naye hata nusu saa. Asiyeonyeshwa huweza kuzunguka na kuita kwa siku nyingi. Aliyemnusa mara nyingi huacha mapema zaidi. Binti akiweza, amshike huyo siku ya Jumapili, ampige brashi. Lakini msimwambie ndiye Kahawa wake mpya.

Kuhusu mawifi, usibishane nao. Waombe wasipite nyumbani Jumamosi hiyo, basi. Na kauli ya kwamba ni mnyama wa watu, binti anaijua kuliko wao. Anajua hakuwa na kauli kuhusu daktari, wala siku, wala shimo, na hilo linauma peke yake. Ndiyo maana nakusihi mumpe kauli pale inapowezekana: saa ya kuaga, singa, chakula, kusimama wapi.

Akirudi bweni, matroni na mwalimu wa darasa wajue. Tarajia wiki mbili tatu za usingizi mbovu, kula kidogo, kulia ghafla anapoona picha. Tarajia pia aseme “ningekuwa nyumbani ningegundua mapema”. Mjibu kwa ukweli wa meno: hakuna macho ambayo yangeyarudisha. Ikiwa baada ya hapo bado hali, hasomi, amejitenga na rafiki zake, au amesema hata mara moja kwamba angependa kufa, msingoje likizo. Hospitali ya KCMC ipo hapo hapo Moshi, mpelekeni. Na yeye mwenyewe awe na namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, ambayo hupigwa bure.

Kama daktari akisema hata Jumamosi hii ni mbali, pigeni picha chache za Kahawa akiwa amesimama, kateni singa kwa namna niliyoeleza, mwachieni binti kazi ya kupanda mti juu ya kichuguu, na mwende Moshi siku hiyo hiyo kumwambia. Kwa hiyo leo mpigieni daktari kwanza, kisha mwenye farasi, na barua ya ruhusa iandikwe usiku huu.

Shangazi